Nadharia mbadala za kuumbika kwa nyota, sayari na galaksi: zipi bado ziko hai, na zinapimwaje?

mdadisi_anga

Wakuu, vitabu vingi hulimaliza jambo hili kwa aya moja: wingu la gesi na vumbi lilijikunja, Jua likawaka katikati, mabaki yakawa sayari. Ukichimba kidogo unakuta nadharia nyingine kibao. Ipo ya nyota iliyopita karibu na Jua ikachomoa sayari. Ipo ya diski ya gesi kumeguka ghafla, ya mikondo ya umeme kusuka galaksi, na ya mvutano uliorekebishwa ili maada ya giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) isihitajike. Baadhi zilitolewa na wanasayansi wakubwa, kwa hiyo siwezi kuzikubali wala kuzikataa kwa kuangalia jina la aliyesema.

Naomba msaada wa mambo mawili. Zipi zimeshakufa, na ni ushahidi gani uliziua? Na zile zinazoendelea kushindana, mtu mwenye kalamu na kikokotoo anaweza kuzipima vipi? Tafadhali leteni namba.

---

masi_na_kasi

Anza na momentamu ya mzunguko, yaani masi mara kasi mara umbali kutoka kitovuni. Karibu kila nadharia mbadala ya mfumo wa Jua ilizaliwa kwa sababu yake.

Kant (1755) na Laplace (1796) walipendekeza wingu linalozunguka na kujikunja. Sasa piga hesabu. Mshtarii una kilo 1.9 × 10^27, unakwenda mita 13,100 kwa sekunde, na uko mita 7.8 × 10^11 kutoka kwenye Jua. Zidisha zote tatu, unapata takriban 1.9 × 10^43. Kwa Jua, chukua 0.07 × masi × nusu kipenyo mraba × kasi ya kuzunguka kwa radiani kwa sekunde. Hiyo 0.07 ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya masi ya Jua imebanana katikati. Jibu ni kama 2 × 10^41. Kwa hiyo Jua lina zaidi ya asilimia 99.8 ya masi yote ya mfumo, lakini Mshtarii peke yake unalizidi momentamu ya mzunguko mara mia hivi. Wingu linalojikunja bila breki lingetoa Jua linalozunguka mara moja kwa saa chache, na Jua letu huchukua siku 25 kwenye ikweta yake.

Pengo hilo ndilo lililowafanya Chamberlin na Moulton (1905), kisha Jeans na Jeffreys (kuanzia 1917), waseme kwamba nyota nyingine ilipita karibu na kuchomoa ukanda wa gesi kutoka kwenye Jua. Lilikuwa wazo la heshima kwa miaka mingi. Lilikufa kwa sababu hizi:

Russell alionyesha mwaka 1935 kwamba gesi iliyochomolewa haiwezi kupata momentamu ya kutosha kufika kwenye obiti za sayari za mbali. Mwaka 1939 Spitzer akaonyesha kwamba gesi iliyotoka ndani ya Jua ina joto kubwa mno, hivyo hutanuka na kutawanyika kabla haijapoa na kuganda. Kwangu, hoja hii ya Spitzer inatosha peke yake.

Kemia nayo ilikuja kupigilia msumari. Deuteriamu (hidrojeni nzito) huungua ndani ya nyota halijoto ikifika takriban kelvini milioni moja, na Jua limeshaimaliza ya kwake. Mshtarii bado una atomu kama 2 za deuteriamu kwa kila atomu 100,000 za hidrojeni. Gesi yake haikuwahi kupita ndani ya nyota.

Woolfson alijaribu kuokoa wazo hili mwaka 1964 kwa kusema gesi ilichomolewa kutoka kwenye nyota changa ambayo bado ni baridi na imetanuka. Hapo hoja ya Spitzer na ya deuteriamu zinakwepeka kihalali, na lazima tumpe haki yake. Kinachobaki ni wingi. Nyota ziko mbali mno kwa mikutano ya namna hiyo kuwa ya kawaida, ilhali sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zilipita 5,000 mwaka 2022, na diski za vumbi zinaonekana kwenye nyota changa nyingi ambazo hazijagusana na jirani yeyote.

Na ile breki? Ni ugasumaku. Upepo wa nyota hushikwa na ugasumaku wake, ukatoka na mzunguko. Tazama Kilimia, kundi lenye umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 100: zipo nyota zake zenye masi karibu na ya Jua zinazozunguka kwa siku chache tu, nyingine chini ya siku moja. Skumanich alipima mwaka 1972 kwamba kasi hupungua kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha umri. Umri ukiwa mara nne, kasi inabaki nusu.

---

diski_baridi

Naendelea na sayari kubwa za gesi, maana hapa ushindani bado ni wa kweli.

Nadharia ya kwanza ni ya kiini kutangulia. Vumbi hushikamana, miamba hukua, na kiini kikifika kama masi 10 za Dunia huanza kuvuta gesi ya diski kwa pupa. Modeli ya Pollack na wenzake (1996) iliujenga Mshtarii kwa miaka milioni kadhaa, na katika hali nyingine hadi milioni 8. Hapo ndipo tatizo lilipo: nusu ya nyota changa huwa zimepoteza diski zao baada ya takriban miaka milioni 3, na ikifika milioni 10 karibu zote zimekwisha.

Ya pili ni ya diski kumeguka. Kuiper alilitoa wazo mwaka 1951, Cameron akalirudia mwaka 1978, na Boss akalifufua mwaka 1997. Diski nzito na baridi hushindwa kubeba uzito wake, inavunjika mabonge, na kila bonge lina masi ya Mshtarii mara kadhaa. Muda wake ni maelfu ya miaka, si mamilioni.

Kipimo chake kinaitwa namba ya Toomre:

Q = c × Ω ÷ (π × G × Σ)

c ni kasi ya sauti kwenye gesi, Ω ni kasi ya kuzunguka kwa radiani kwa sekunde, Σ ni kilo za gesi kwa kila mita mraba ya diski. Q ikishuka hadi karibu na 1, diski iko hatarini.

Jaribu kwanza mahali ilipo Dunia. Chukua masi ndogo kabisa inayotosha kuunda sayari zetu: Σ = 17,000. Kwa kelvini 280, c ni kama mita 1,000 kwa sekunde. Ω = 2 × 10^-7. Unapata Q = 56. Hapo diski haimeguki hata kidogo.

Sasa nenda mara 100 ya umbali huo. Halijoto imeshuka hadi kelvini 20, c ni mita 270 kwa sekunde hivi, Ω ni 2 × 10^-10. Geuza kanuni uulize ni Σ ipi itatoa Q = 1. Jibu ni takriban kilo 250 kwa mita mraba. Ukichukulia Σ inapungua kwa uwiano na umbali, masi ya diski yote hadi hapo ni 2 × π × r² × Σ, karibu asilimia 18 ya masi ya Jua. Hiyo ni diski nzito sana. Inawezekana katika miaka laki chache ya mwanzo, wakati wingu bado linaimiminia gesi. Baadaye ni vigumu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusimama kwenye Q. Haitoshi. Gammie alionyesha mwaka 2001 kwamba bonge lazima lipoe ndani ya takriban nusu ya mzunguko mmoja. Lisipopoa, kanieneo yake hulisukuma likafunguka, na diski inabaki na mikono ya mzunguko tu, bila sayari. Karibu na nyota gesi ni nzito na haipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo sharti hili hushindwa. Ndiyo maana nadharia hii hutajwa kwa sayari zilizo mbali, kuanzia mara 50 hivi ya umbali wa Dunia, na kuitumia kwa Mshtarii ni kazi ngumu.

---

kokoto_na_barafu

Naongezea upande wa kiini kutangulia, kwa sababu ukiishia kwa Pollack utadhani nadharia ilikwama mwaka 1996.

Kikwazo kikubwa kilikuwa jiwe la mita moja. Gesi ya diski hubebwa kidogo na kanieneo yake, hivyo huzunguka polepole kuliko jiwe kwa kama mita 50 kwa sekunde. Jiwe hukutana na upepo wa mbele muda wote. Chembe ndogo huenda na gesi, mwamba wa kilomita haujali, lakini la mita moja hupoteza obiti na kuangukia kwenye nyota ndani ya miaka mia moja hadi mia chache. Zaidi ya hapo, chembe za mwamba zikigongana kwa zaidi ya mita 1 kwa sekunde huelekea kuvunjika au kuruka badala ya kushikamana. Ukuaji wa hatua kwa hatua unakatika kwenye milimita na sentimita.

Youdin na Goodman walipata njia mwaka 2005. Kokoto zikirundikana kidogo, zinaikokota gesi iliyo karibu nazo, upepo wa mbele unapungua, kokoto nyingine zinaingia na kukwama palepale. Rundo likizidi kiasi hujikunja kwa mvutano wake lenyewe na kutoa mwamba wa kilomita 100 hivi moja kwa moja, bila kupitia hatua ya mita. Johansen na wenzake waliliona hilo kwenye modeli za kompyuta mwaka 2007. Sharti lake ni kwamba vumbi lifike takriban asilimia 1 hadi 2 ya masi ya gesi, kutegemea ukubwa wa kokoto. Likiwa pungufu, hakuna kitu.

Arrokoth, iliyopitiwa na chombo cha New Horizons tarehe 1 Januari 2019, ina umbo la vipande viwili vilivyogusana taratibu bila kupondana. Hivyo ndivyo unavyotarajia wingu la kokoto likijikunja kwa upole. Migongano ya kasi isingeacha shingo nyembamba kama ile.

Baadaye (2010 hadi 2012) ikaonekana kwamba kiini kikishakuwa kikubwa kinaweza kula kokoto zinazopita, kwa sababu gesi inazipunguzia kasi zinapokikaribia. Muda ukapungua sana. Na vimondo navyo vikatoa ushahidi: isotopu (atomu za elementi moja zenye uzito tofauti) zinavigawa katika makundi mawili yaliyotenganishwa mapema. Kruijer na wenzake (2017) walieleza kwamba kiini cha Mshtarii kilikuwa kimefika kama masi 20 za Dunia ndani ya miaka milioni moja, kikazuia pande mbili zisichanganyike. Tafsiri hiyo inajadiliwa, maana hata kilima cha kanieneo ndani ya diski kinaweza kuzuia, lakini tarehe za vimondo ni imara.

---

mdadisi_anga

Asanteni sana, Q nimeipiga na imetoka 56 kama ulivyosema. Sasa ukikuta sayari ya gesi kwenye nyota nyingine, utajuaje imetoka njia ipi?

---

diski_baridi

Kwa sayari moja moja ni vigumu. Kwa wingi inaonekana.

Angalia chuma kwenye nyota. Fischer na Valenti (2005) walipata kwamba nyota yenye chuma mara mbili ina uwezekano wa kama mara nne wa kuwa na sayari kubwa ya gesi. Nadharia ya kiini inalihitaji hilo, kwa sababu chuma kingi maana yake ni vumbi jingi. Diski inayomeguka haijali sana vumbi. Lakini uhusiano huo unafifia kwa sayari zenye zaidi ya masi 4 hivi za Mshtarii, na hiyo ni dalili kwamba huenda tunachanganya makundi mawili yenye asili tofauti.

Kisha angalia umbali na masi. Nyota HR 8799 ina sayari nne, kila moja yenye masi ya Mshtarii mara kadhaa, na ya nje kabisa iko karibu mara 70 ya umbali wa Dunia. Sayari GJ 3512 b (2019) ni ngumu zaidi kwa nadharia ya kiini: masi yake ni angalau karibu nusu ya Mshtarii, na nyota yake ina asilimia 12 tu ya masi ya Jua. Diski ya nyota ndogo hivyo ingepata wapi yabisi ya kutosha kujenga kiini kwa wakati?

Usitumie kiini cha Mshtarii kama hakimu. Vipimo vya chombo cha Juno vinaonyesha kiini kilichochanganyika na gesi na kutawanyika mbali kuelekea nje, na hakuna nadharia kati ya hizi mbili iliyokuwa imekitabiri waziwazi.

---

wingu_zito

Kuhusu nyota nitakuwa mfupi, maana hakuna anayepinga kwa uzito kwamba wingu hujikunja. Swali ni nini kinachochelewesha kujikunja huko.

Wingu la kelvini 10 lenye molekuli 10,000 kwa sentimita ujazo hujikunja likizidi masi 5 hivi za Jua, na likiachiwa huanguka kwa miaka 340,000. Njia Nyeupe (galaksi yetu) ina gesi ya molekuli yenye masi kama bilioni moja za Jua. Hata ukiipa gesi hiyo wastani wa miaka milioni chache ya kuanguka, ungepata nyota mpya zenye jumla ya masi mamia ya Jua kila mwaka. Kinachopimwa ni kama 2.

Mestel na Spitzer (1956) walisema ugasumaku hushikilia gesi mpaka atomu zisizo na chaji zipenye taratibu. Kambi ya baadaye inasema ni msukosuko wa gesi, na kwamba nyota zikishazaliwa huvunja wingu lao kwa mionzi na upepo. Vipimo vya ugasumaku vinaonyesha kwamba kwenye viini vizito una nguvu kiasi cha kuchelewesha, si kuzuia kabisa. Wengi sasa wanatumia vyote pamoja.

Mfano wa kujifunza hapa ni Ambartsumian. Mwaka 1947 alionyesha kwamba makundi ya nyota kubwa za samawati ni machanga, hivyo nyota zinazaliwa hata leo. Kwenye hilo alikuwa sahihi. Lakini alidhani zinatoka kwenye maada nzito mno inayolipuka kuelekea nje. Darubini za redio na za infraredi zikaja kuonyesha gesi ikiingia ndani.

---

uga_wa_mbali

Galaksi. Eggen, Lynden-Bell na Sandage (1962) waliona nyota za kale za Njia Nyeupe zina obiti ndefu nyembamba, wakasema galaksi ilianguka kwa mkupuo mmoja wa haraka. Searle na Zinn (1978) wakaona vishada vya nyota vya nje havina mpangilio wa kikemia unaolingana na mkupuo mmoja, wakasema ni vipande vilivyoungana. Data za mwaka 2018 za Gaia, chombo kinachopima nafasi na mwendo wa nyota, ziliwapa nguvu wa pili: sehemu kubwa ya nyota za halo ya ndani (wingu la nyota linaloizunguka diski) ilitoka kwenye galaksi moja iliyomezwa takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Hata hivyo diski yetu ilijengwa zaidi na gesi iliyoingia na kupoa kuliko na migongano.

Vipo vichwa vya habari vinavyosema darubini ya James Webb "imevunja" nadharia kwa kuona galaksi kubwa mapema mno; fuata hatua hizi kabla ya kuviamini. Kwanza, umbali umepatikana kwa spektra (nuru iliyotawanywa na kupimwa kwa undani) au kwa rangi tu? Galaksi CEERS-93316 ilikadiriwa kwa rangi kuwa ya miaka milioni 250 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Spektra za mwaka 2023 zikaiweka kwenye miaka bilioni 1.2. JADES-GS-z14-0 imethibitishwa kwa spektra kuwa ya takriban miaka milioni 300, kwa hiyo zipo zilizo halisi. Pili, masi ya nyota imekadiriwaje? Shimo jeusi linalokula gesi hung'aa, na nuru yake ikihesabiwa kuwa ya nyota masi huvimba. Tatu, chukua masi ya halo kubwa kabisa (hapa ni bonge la maada ya giza na gesi ambamo galaksi hukaa) inayotarajiwa enzi hiyo, zidisha kwa 0.16, ambayo ni sehemu ya maada ya kawaida. Masi ya nyota ikizidi hapo, nadharia imevunjika kweli. Ikiwa asilimia 10 au 30 ya hapo, kinachobadilika ni ufanisi wa kuzaa nyota, jambo ambalo halikuwa limefungwa.

Mvutano uliorekebishwa wa Milgrom (1983) unastahili kupimwa kwa heshima. Kanuni: v⁴ = G × M × a, ambapo a = 1.2 × 10^-10 m/s². Weka masi ya kawaida ya Njia Nyeupe, masi bilioni 70 za Jua, unapata km 180 kwa sekunde, karibu na kinachopimwa sehemu za nje, bila maada ya giza. Na Sanders alitabiri mwaka 1998, kwa kutumia mvutano huu, kwamba galaksi kubwa zingetokea mapema. Inapokwama ni kwenye makundi ya galaksi, ambako bado inapungukiwa masi kama mara mbili, na kwenye mionzi ya asili ya ulimwengu (mionzi hafifu iliyobaki kutoka Mlipuko Mkuu), ambako toleo la msingi halitoi kilele cha tatu cha grafu ya mabaka yake kwa urefu unaoonekana.

---

mkondo_wa_plasma

Mbona hamgusi plasma, yaani gesi yenye chaji? Alfvén alipata Nobel mwaka 1970, na Peratt alitoa galaksi zenye mikono kwenye kompyuta mwaka 1986 kwa mikondo ya umeme tu.

---

masi_na_kasi

Swali zuri, na Alfvén alikuwa sahihi kwamba ugasumaku hauachwi nje. Breki ya Jua niliyoitaja juu ni fizikia yake.

Kinachozuia ni hiki. Ugasumaku hushika gesi yenye chaji. Hauwezi kuishika nyota ya kilo 2 × 10^30 na kuibadilishia obiti. Lakini ukipima kasi ya nyota na kasi ya gesi kwenye diski ya galaksi moja, umbali uleule, zinakaribiana sana. Kinachozizungusha lazima kivute zote mbili sawasawa, na mvutano ndio unaofanya hivyo. Halafu mikondo mikubwa kiasi hicho ingepaswa kutoa mionzi ya redio ya elektroni zinazozunguka kwenye ugasumaku, nayo ingeharibu ulaini wa mionzi ya asili. Chombo cha COBE kiliipima mwaka 1990 kikakuta mkunjo kamili wa kitu cheusi (kitu kinachotoa mionzi kwa joto lake tu), kelvini 2.7.

Kwa wanaosema hata nyota huwashwa na umeme wa nje, kuna hesabu ya mistari mitatu. Jua hutoa wati 3.8 × 10^26. Kila muungano wa hidrojeni nne kuwa heli hutoa jouli 4.3 × 10^-12 na nyutrino 2 (chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu), hivyo zinatoka nyutrino 1.8 × 10^38 kwa sekunde. Gawa kwa eneo la tufe lenye nusu kipenyo cha km milioni 150, unapata nyutrino bilioni 63 hivi kwa kila sentimita mraba kwa sekunde hapa Duniani. Kitambuzi cha Borexino kilizipima nyutrino za hatua ya kwanza ya muungano huo mwaka 2014, na matokeo yakalingana ndani ya makosa ya kipimo. Nadharia ya umeme wa nje inapaswa kueleza zimetoka wapi.